Wiki ya Bakuli Nchini Sakitu

Usiniulize nilifikaje Sakitu. Nilifika. Miguu ilivimba, nikafika, na hiyo si habari ya kumpotezea mtu muda. Habari ni yale niliyoyakuta, nami nitayaeleza kama nilivyoyaona bila kutia chumvi, maana hata yakiwa chapwa hivi hivi yananitoa machozi.

Kwanza mnijue. Naitwa Yustina Mahenge, mjane, mfumaji na muuzaji wa masweta, mzaliwa wa Makete. Baridi naijua. Kwetu asubuhi za Juni majani huwa meupe, na ukimwaga maji uani unayakuta yamekuwa kioo. Kwa hiyo mtu asije akadhani nililia kwa sababu ya ugeni. Ni kweli baridi ya Sakitu inazidi ya kwetu. Inakaa miezi minne na kufunga njia zote za mlimani, asiingie mtu wala asitoke. Lakini baridi haikunitisha. Kilichonitisha ni wema wao.

Ofisa wa mpakani hakuniomba hata karatasi. Aliniuliza, "Umekuja na vifua vingapi?"

Nikadhani ananifanyia utani. "Kimoja, baba. Hiki nilichozaliwa nacho."

Akaandika. "Unafikia kwa nani?"

"Kwa yeyote atakayenipokea. Nauza masweta, siku chache tu narudi."

Akainua kichwa akanitazama kama mtu anayetazama gari linalorudi nyuma kuelekea mtaroni. "Wiki hii? Mama, wiki hii ni ya bakuli." Nilitaka kumuuliza bakuli gani, lakini nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana, akanipungia mkono nipite. Najilaumu mpaka leo kwamba sikumng'ang'ania.

Mlango wa kwanza kuubisha ulikuwa wa Bi Landisa. Alifungua kidogo, akaniona, akageuka kutazama kitu dirishani, akanitazama tena mimi. Bibi wa miaka themanini na moja, mwembamba, macho makali, kifua kinakoroma. Kisha akasema, "Karibu, mwanangu. Ingia, baridi hiyo."

Sakitu ukimfukuza mgeni umejimaliza. Watu huacha kulitaja jina lako, hata wanao. Mimi hilo sikulijua, wala sikujua lile "karibu" lilimgharimu nini. Niliingia zangu kwa furaha na mzigo wa masweta mgongoni.

Chumba kilikuwa kimoja. Kona moja jiko la chuma, pembeni yake nusu debe ya mkaa na si zaidi. Kitanda, blanketi mbili. Kikombe cha bati kilichofungwa kijiko kwa uzi. Na dirishani bakuli jeupe la udongo limejaa maji, lina muhuri mwekundu: BARAZA LA WEMA.

"Una mwili wewe," Bi Landisa aliniambia akinizunguka. "Unatosha watu wawili kabisa."

Nikacheka. Kwetu hiyo ni sifa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba bibi wa watu alikuwa anapiga hesabu.

Alikuwa mcheshi, msinione namlilia mkadhani alikuwa mtu wa huzuni. Aliyacheka masweta yangu, akasema hilo la njano linafaa kumvalisha mbuzi anayetaka kuolewa. Mumewe alikwisha fariki, watoto walivuka mlima siku nyingi, na barua zao zilikuwa zimejaa ahadi. Akikohoa alishika ukuta. Akimaliza kukohoa alichukua kile kijiko akagonga kikombe mara tatu, kong, kong, kong, na kutoka nyumba ya ng'ambo ya njia kikombe kingine kikajibu mara mbili. Kisha mbali zaidi kingine, na kingine, bonde zima.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Tunasalimiana."

"Si mngetembeleana tu?"

Akaenda dirishani, akatia ncha ya kidole kwenye bakuli, akakitoa haraka. Uso ulimjaa wasiwasi, nami nikadhani maji ni ya baridi mno.

Kesho yake niliona mambo yaliyonipandisha hasira. Bibi alikohoa asubuhi nzima na hakuna jirani aliyepitisha hata mguu. Walisimama kila mtu mlangoni kwake, wanasikiliza. Mama mmoja wa makamo, miguu imevimba, nyumba ya ng'ambo, alikuwa amesimama kwenye ua wake anafuta machozi kwa khanga. Nikamwendea. Mimi nikikasirika sichagui maneno.

"Hivi nyie ni watu wa namna gani? Bibi anakohoa tangu jana! Hata mtu wa kumpelekea uji hamna? Unasimama hapo unalia kama unaangalia mchezo wa kuigiza!"

Yule mama, naye ni Nkembo, mjane kama mimi, akanijibu kwa sauti ya chini, "Toka humo ndani, mama. Nakuomba. Unammaliza."

Akanieleza pale pale, yeye ndani ya ua wake, mimi nje.

Baraza la Wema ni watu wenye uwezo waliojitolea kuwasaidia wazee na familia dhaifu ili baridi isiwaue. Kila nyumba yenye shida hupewa magunia matatu ya mkaa, yanayotosha kuvusha msimu wote. Ila lazima kwanza ijulikane kwamba nyumba ina baridi kweli. Kwa hiyo siku ya kwanza ya wiki anakuja Msoma Bakuli, anaweka bakuli la maji dirishani kwa ndani. Siku ya saba alasiri anarudi na pete yake ya chuma. Anaiweka pete juu ya maji. Ikikaa juu ya barafu, nyumba ina baridi, magunia yanaletwa. Ikizama, nyumba ina joto, na usiombe tena mpaka mwaka ujao. Siku hiyo ya saba jiko huzimwa tangu alfajiri.

"Sasa mimi naingiaje hapo?" nikauliza.

"Kifua, mama. Kila mtu mzima ni kifua kimoja. Pumzi yako inapasha nyumba. Bibi peke yake maji yanaganda, mwaka jana yaliganda vizuri mpaka Msoma Bakuli akamsifu. Wakiwa wawili hayagandi. Unadhani sisi hatumpendi? Tunampenda, ndiyo maana hatuingii." Akanionyesha kwa kidevu nyumba yenye mlango wa bluu. "Wale wazee wameoana miaka hamsini. Wiki hii mzee analala zizini kwa watu, ili bakuli la mke wake ligande. Wote tuko hivyo. Unagonga kikombe, tunajua uko hai. Ukinyamaza..."

"Na akikosa magunia?"

Nkembo alitazama mlango wa Bi Landisa. "Umeuona mkaa wake. Huo ni wa siku kumi."

Nilirudi ndani nikafunga mzigo wangu, nikasema nakwenda kulala zizini, popote pale. Bi Landisa akasimama mlangoni, kimo chake kinanifika kwapani.

"Mgeni wangu alale na mbuzi mimi nikiwa hai? Unataka kunivua nguo mbele ya watu?"

"Bibi, bakuli!"

"Bakuli nimelijua kabla hujazaliwa. Keti."

Niliketi. Lakini nilikuwa nameza mate tu, navuta pumzi kidogo kidogo kama mwizi. Jamani, umewahi kuogopa pumzi yako mwenyewe? Kila nikipumua natazama lile bakuli. Siku ya tano, nikaona hapa nitapasuka, nikaenda Barazani kuomba nisihesabiwe.

Ukumbi wa Baraza la Wema ulikuwa na joto la kunifanya nivue sweta mbili hapo hapo. Wajumbe walikaa kwenye magunia ya mkaa yaliyopangwa mpaka darini, na kila gunia limeshonwa jina la aliyelitoa kwa uzi wa rangi. Walikuwa wanajipepea. Dirisha moja limefunguliwa ili joto litoke. Mhudumu aliniambia kwa fahari kwamba kila mwaka magunia hubaki mengi kwa sababu mabakuli yanayoganda ni machache, na yanayobaki huchomwa hapo ukumbini, ili wajumbe wasipate mafua wanapojadili kwa nini yanabaki.

Ukutani palikuwa na picha moja tu, ya mwanamume mnene anayetabasamu. Nikadhani ndiye mwanzilishi.

"Hapana," mhudumu akasema, akashusha sauti. "Huyo ndiye Aliyetokwa Jasho."

Zamani, akanieleza, Baraza lilimpa mkaa kila aliyeomba. Mwaka mmoja mtu huyo akakutwa nyumbani kwake anatokwa jasho. Nchi nzima iliaibika. Tangu hapo ndipo mabakuli yalipoanza, na sura yake ikatundikwa ili isisahaulike. Nikauliza kama kuna picha za waliokufa kwa baridi. Mhudumu akatazama kuta akasema nafasi haitoshi.

Nilikuta mjadala wa paka. Mjumbe mmoja alisema paka ni robo kifua. Mwingine akasema paka hakai nyumbani, hivyo ni thumuni. Wa tatu, mzee mwenye sauti nzuri sana, akauliza kuhusu wajane wanaozungumza na marehemu waume zao: je, mazungumzo hayo hayaongezi joto? Hoja hiyo iliundiwa kamati. Ikapita pia hoja ya sweta. Wataalamu walisema sweta linazuia joto la mwili lisitoke kuja chumbani, kwa hiyo linasaidia maji kuganda, na kuvaa kukaruhusiwa bila kupingwa. Hapo mimi peke yangu nilipiga makofi.

Zamu yangu ikafika. Mwenyekiti alikuwa Mama Vulani, mwanamke mpole, na nasema kweli, uso wake ulikuwa wa mtu mwema. Alinisikiliza mpaka mwisho na machozi yakamlengalenga.

"Mama Mahenge, tunampenda sana Bi Landisa," alisema. "Barafu yake ya mwaka jana tuliizungumzia hapa."

"Basi mpeni mkaa, mheshimiwa. Magunia haya mmeyakalia."

Ukumbi ukanong'ona. Mama Vulani hakukasirika. "Tukimpa bila bakuli, kesho tutamjibu nini yule ambaye bakuli lake liliganda? Aliumia bure?" Akatazama ile picha ukutani. "Huruma lazima iwe na utaratibu, mama."

Walijadili pumzi ya mgeni kwa saa mbili. Je, ni mali ya nyumba, au ya nchi alikotoka? Mwisho wakaamua, kwa upole wao, kwamba nitasamehewa kwa sharti moja. Siku ya saba nikae nje tangu alfajiri mpaka pete iwekwe, tena hatua tatu kutoka ukutani, kwa kuwa hata ukuta unapokea joto. Nikashukuru. Nilishukuru mpaka nikapiga goti. Najishangaa.

Siku ya saba ikafika, na nayo ilikuwa siku ya msafara wa mwisho. Watu wote wasio wa Sakitu walitakiwa wakusanyike alasiri kengele ikilia, wavuke mlima kabla njia haijafungwa. Nilipanga pete ikiwekwa tu, nimkumbatie bibi, nikimbie.

Alfajiri nilimvalisha masweta matatu, lile la njano likiwa juu. Akajitazama. "Sasa mbuzi amepata mume," akasema. Tukacheka. Nikazima jiko kwa mkono wangu, nikamwekea kikombe mapajani, nikatoka nikahesabu hatua tatu, nikakaa juu ya debe tupu.

Tulikubaliana: yeye agonge tatu, mimi nijibu mbili kwenye debe.

Asubuhi aligonga vizuri. Kong, kong, kong. Nami pa, pa. Katikati alikohoa, na kukohoa nako nilikufurahia. Jua la Sakitu ni taa tu, halipashi. Vidole vyangu vilikufa ganzi ndani ya soksi za mikono, na mimi ni mtu mnene niliyevaa vyote nilivyobakiwa navyo. Nikawa namuwaza yeye na mikono yake ile mitupu inayoshika kijiko. Kwa nini sikumpa soksi za mikono? Kwa sababu angeshindwa kushika kijiko. Tulilijadili hilo, tukaona kijiko ni muhimu zaidi.

Adhuhuri alianza kuchelewa. Nikigonga debe kumkumbusha, anajibu mara mbili badala ya tatu. Halafu mara moja. Nkembo alikuwa mlangoni kwake, naye jiko lake limezimwa, anagonga kikombe chake na kutega sikio. Kila mlango wa mtaa ule ulikuwa na mtu amesimama, amegeuza kichwa upande wetu.

Kisha kimya.

Nikagonga debe. Kimya. Nikagonga tena kwa nguvu. "Bibi! Bi Landisa!"

"Ngoja," Nkembo akasema kutoka ng'ambo. "Huwa anasinzia."

"Na kama hajasinzia?"

"Ngoja, mama! Imebaki saa moja tu. Saa moja! Ukiingia umempokonya msimu mzima."

Nilihesabu mpaka mia moja. Naapa nilihesabu polepole. Nikahesabu mia ya pili. Nkembo alikuwa ameziba mdomo kwa khanga na hasemi tena ngoja, wala hasemi nenda. Mzee mmoja mlangoni kwake aliinamisha kichwa akavua kofia. Ile kofia ndiyo iliyoninyanyua. Nilipiga mlango teke nikaingia.

Alikuwa ameketi, kidevu kimeangukia kifuani, kikombe na kijiko chake viko sakafuni. Vidole vilikuwa vya bluu. Dirishani bakuli lilikuwa limeganda, jeupe, gumu, linang'aa. Nilimwita, hakuitika. Nikamtikisa, kichwa kikaenda na mkono wangu. Basi sikufikiri tena. Nikafungua masweta yangu nikamwingiza ndani kifuani kwangu, nikampulizia mikono, nikamburuta pamoja nami mpaka kwenye jiko, nikaliwasha. Nikatia mkaa. Nikatia tena.

Sijui ilichukua muda gani. Alifumbua macho. Hakunitazama mimi, alitazama jiko. Kisha dirishani. Kwenye bakuli tone lilikuwa linatembea juu ya barafu.

"Umefanya nini?"

"Ulikuwa unakufa, bibi."

"Nilikuwa nimesinzia!" Akaanza kunipiga ngumi kifuani, ngumi ndogo zisizo na uzito wowote. "Nilikuwa nimesinzia tu! Siku sita nimemaliza! Siku sita! Nani amekutuma? Nilikuwa nimesinzia, we mwanamke!"

Akalia. Mimi nikalia. Nilikuwa namwamini na simwamini, na kichwani nikawa narudia kuhesabu: labda ningengoja mia moja nyingine, labda angegonga.

Msoma Bakuli, Bwana Tengamo, alifika alasiri na koti lake refu. Alivua viatu mlangoni kwa heshima. Alisimama mbele ya dirisha, akatoa pete ya chuma kwenye kitambaa, akaiweka. Pete ikakaa kidogo juu ya ile barafu iliyobaki, ikainama upande, ikazama. Ilitoa sauti ndogo ilipogusa chini.

"Pole sana, bibi," alisema, na alikuwa na huzuni ya kweli. "Mwaka jana ilikuwa nzuri mno." Akafungua kitabu chake. Niliyasoma aliyoyaandika: *Nyumba ina joto. Chanzo cha joto: mgeni.*

Nikamvaa. Nilimwambia yote yaliyokuwa tumboni, yeye na Baraza lake na picha yao. "Bibi wa watu alikuwa anakufa hapa!"

Alinisikiliza, mikono imekunjwa. "Angekufa, mama, ningeandika kwamba nyumba ina baridi. Magunia yangefika kesho asubuhi." Hakusema kwa kejeli. Aliona ananifariji kwamba utaratibu unafanya kazi. Akafuta pete yake, akaagana nasi, akaenda kwa Nkembo. Huko pete ilikaa. Nilisikia majirani wakishangilia kwa kugonga vikombe.

Kengele ya msafara ikalia.

Bi Landisa alikuwa amelala ameelekea ukutani. "Nenda," alisema bila kugeuka. "Watakuacha."

Nilitazama debe la mkaa. Ule niliouwasha kwa pupa yangu ulikuwa mkaa wa siku mbili. Ulibaki wa siku tatu au nne. Kengele ikalia mara ya pili. Nyumbani nina mjukuu anayenisubiri, nina mashine ya kufumia, nina kitanda changu. Nilivaa viatu. Nikafika mlangoni, nikashika komeo, nikasimama pale mpaka kengele ikalia mara ya tatu, na sauti za watu wa msafara zikapanda mlima zikapotea.

Nikavua viatu.

"Wameniandika chanzo cha joto," nikasema. "Sasa nitakwenda wapi?"

Hakunijibu siku hiyo, wala kesho yake. Alinipa mgongo. Lakini baridi haijui kununa, na tulilala chini ya blanketi zote mbili na masweta yote niliyokuja kuyauza, mgongo wake kifuani kwangu. Mkaa tukauwasha kupikia tu. Siku ya kumi tulikuwa hai. Siku ya ishirini tulikuwa hai, na alikuwa ameanza tena kunisema, kwamba nakoroma kama kinu cha kusaga.

Majirani hawakuja. Waliopewa magunia walikuwa wamebanwa na sheria nyingine: nyumba iliyosaidiwa ibaki ya kifua kimoja msimu wote, na mwenyewe asionekane anaota moto wa nyumba nyingine, maana huko ni kula mara mbili. Akionekana, magunia yanarudi Barazani. Kwa hiyo kila mtu alikaa peke yake na mkaa wake, na vikombe viliendelea kugongwa. Nkembo aligonga asubuhi, adhuhuri na jioni, na Bi Landisa akamjibu. Aligonga kwa mkono wake mwenyewe, mimi hakuniruhusu.

Asubuhi moja ya wiki ya nne, Bi Landisa aligonga na Nkembo hakujibu.

Akagonga tena. Mimi nilikuwa nafuma, sindano zikasimama. Nilimtazama. Nilisubiri aseme. Safari hii, nilijiambia, sitanyanyuka mpaka mwenye nchi aseme.

"Labda amesinzia," nikasema, na sauti yangu ilinitoka vibaya.

Bi Landisa aligonga mara ya tatu. Akaweka kikombe chini. "Nenda," akasema.

"Bibi, magunia yake..."

"Nenda, nimesema! Kimbia!"

Nilivuka njia bila viatu. Nkembo alikuwa sakafuni kati ya kitanda na jiko, miguu imevimba kupita kiasi, moto umezimika, na gunia limejaa hatua mbili tu kutoka mkono wake. Alishindwa kulifikia. Hakuwa na mtu wa kumwambia hebu nisogezee. Nikambeba mgongoni kama mzigo wangu wa masweta, nikavuka naye mbele ya milango yote, na watu wote wakaona.

Tulimlaza kitandani kwetu. Alipofumbua macho akaona yuko wapi, akaona jiko si lake, akaanza kunipiga ngumi.

"Nilikuwa nimesinzia!" alilia. "Nilikuwa nimesinzia tu! Watanichukulia magunia! Nani amekutuma?"

Bi Landisa alisogea ukutani, akainua blanketi, akapisha nafasi.

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo," akamwambia. "Sogea huku, upate joto."